Mama Mteremko Apanda Jukwaani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mratibu wetu wa warsha na madarasa ya mtandaoni anastaafu baada ya kukitumikia kituo hiki kwa miaka thelathini na moja. Jina lake la kwenye mkataba wanalijua ofisi ya utumishi na mume wake. Sisi wengine tunamwita Mama Mteremko, na ukimwita vingine huenda asigeuke. Tunaisubiri Ijumaa kama watoto wanaosubiri shule ifungwe, na sababu yake utaijua kabla ukurasa huu haujaisha.

Aliajiriwa kuchapa ratiba. Mikono ikichapa, mdomo ulikuwa ukiuliza: kwa nini mlango wa choo cha washiriki ni mwembamba, kwa nini vitini vya masomo vina herufi ndogo kama sisimizi. Mkuu wa kituo wa wakati ule alichoka kujibu, akampa uratibu ili ajijibu mwenyewe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakutuambia kwamba kunapandisha cheo.

Warsha yake ya kwanza ilikuwa ya ushonaji kwa watu wenye ulemavu. Njia ya mteremko ilijengwa mlangoni, choo kikapanuliwa, mkalimani wa lugha ya alama akaalikwa, na safu ya mbele ikaachwa wazi kwa viti vya magurudumu. Tulijipongeza kweli. Asubuhi akafika fundi cherehani aliyealikwa kufundisha, akapita mlangoni kwa kiti chake cha magurudumu bila taabu, akaja hadi mbele ya jukwaa, akakwama. Cherehani ilikuwa juu, na njia ya kuifikia ilikuwa ngazi tupu. Katika mipango yetu yote tulidhani mwenye ulemavu anakuja kukaa na kusikiliza. Haikumpitia hata mmoja wetu kichwani kwamba anaweza kuja kufundisha.

Wanaume wanne wakajitolea kumbeba. Fundi alikataa. Alisema kwa upole kwamba ameshabebwa vya kutosha maishani, na kwamba mwalimu anayepandishwa kama gunia mbele ya wanafunzi wake hana tena la kuwafundisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa kufundisha, baada ya miaka mingi ya kuitwa kusaidiwa, na alikuwa tayari kugeuza kiti aende zake. Mratibu wetu hakupoteza muda kwa radhi ndefu. Aliagiza cherehani ishushwe, akapanga viti upya kuizunguka pale sakafuni, na mgeni rasmi aliyekuwa amekwisha kukaa juu akaambiwa kwa adabu zote ashuke, la sivyo atatazama visogo. Akashuka. Warsha ilinoga hadi mlinzi akaja kuuliza kama tuna nia ya kwenda nyumbani. Siku hiyo mama huyu aliapa kwamba hakuna atakayelipanda jukwaa lile mpaka kila mtu aweze kulipanda. Likageuka stoo ya mabango. Kila mwaka aliliombea njia ya mteremko, na kila mwaka akaambiwa mwakani.

Madarasa yalipohamia mtandaoni, wengi tulidhani amepumzika, kwani huko hakuna ngazi. Alicheka sana. Ngazi alizikuta humo humo: mwalimu anayeongea akiwa ameipa kamera kisogo, picha zisizoelezwa, kiziwi anayesoma midomo huku mtandao ukikatakata. Akaleta maandishi chini ya skrini, akampa mkalimani dirisha lake, kisha akapiga marufuku maneno mawili, "hivi" na "hapa". Fundi yuleyule alikuwa akifundisha, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mama asiyeona. Kila fundi aliposema kunja hivi, pitisha hapa, Mama Mteremko alifungua kipaza sauti, akakohoa. Kikohozi kile kilitukera sote. Lakini fundi akazoea kusema kunja upindo kwa ndani, upana wa kidole gumba, na hata wenye macho yao wakaanza kushona mistari iliyonyooka. Mama yule asiyeona alimshonea binti yake gauni la mahafali. Picha yake ilipofika, Mama Mteremko alituzuia kushangilia mpaka mtu aieleze kwa maneno, ili mshonaji mwenyewe ajue tunashangilia nini.

Tusimvishe kilemba cha ukoka. Ana amri kama jemadari, na husogeza meza za ofisi za watu bila hodi. Kwenye harusi ya mpwa wake alihamisha hata viti vya maharusi ili njia ipitike, na wifi yake hadi leo anamnunia.

Sasa shauku yetu. Njia ya mteremko ya jukwaani imekamilika wiki hii, na rangi yake bado inanukia. Tulimwomba awe wa kwanza kuipanda, akakataa: wa kwanza ni mwalimu tuliyemwacha chini siku ile. Kwa hiyo Ijumaa fundi atapanda kwa mikono yake mwenyewe, kisha atamsubiri. Mama Mteremko atafuata na mkongojo wake, maana mwaka huu magoti yamegoma na ngazi zile asingeziweza tena.

Asante kwa miaka yote hiyo, mama yetu. Maisha mema, afya njema, na wajukuu wenye maswali mengi kama yako. Ijumaa panda taratibu. Hakuna atakayekubeba.