Mzee Othmani, Aliyetusindikiza kwa Macho

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Mzee Othmani Mhina anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya matembezi ya milimani kwa miaka ishirini na sita. Ofisi ya Midrand itabaki na birika lake na kile kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia.

Alianza kama dereva wa basi dogo la kupeleka wageni kwenye milima ya Drakensberg na Lesotho. Mtu wa Tanga, barafu aliyoijua ni ile ya ukwaju inayouzwa kwenye vifuko. Siku ya kwanza kukanyaga theluji aliinama, akaonja, akatangaza kwamba imekosa ukwaju tu. Wageni walicheka sana. Yeye alibaki akiutazama ule mlima mweupe mpaka chai yake ikapoa, na tangu hapo hakukubali tena kusubiri ndani ya basi.

Akasomea uongozaji. Alikuwa akitazama tu anajua upepo umerundika theluji upande gani. Ikiguna chini ya buti, au ufa ukikimbia mbele yake, dalili kwamba iko karibu kuporomoka, aligeuza msafara hata kama kilele kilikuwa hapo puani. Tulimpachika jina la Mzee Turudi, naye akaliitikia bila kinyongo. Katika miaka yote hiyo hakuacha mtu mlimani, ingawa siku moja ilibaki kidogo.

Majira ya baridi ya mwaka juzi tuliwapeleka wasusi wa Kikongo wanaofanya kazi katikati ya jiji. Wingu lilishuka, na njia pekee ya kurudi ikawa ile inayokatiza mteremko mfupi wenye theluji mpya. Mzee akatoa amri yake ya siku zote: wavuke mmoja mmoja, wengine wangoje kwenye mwamba, mikanda ya mabegi ilegezwe ili yavulike upesi, na kila mtu awe amewasha kifuani kile kifaa cha kutafutiwa akifukiwa. Arlène, mmoja wa wasusi hao, alipofika katikati alishikwa na hofu, akasimama. Rafiki yake Jocelyne hakuweza kuvumilia. Kwao, na kwetu sote, kumwacha mwenzako peke yake njiani ni kukosa utu.

"Pardon, papa, siwezi kumuacha!" akamwomba Mzee radhi akilia, akamkimbilia Arlène ili amshike mkono.

Theluji haikuwabeba wawili. Mteremko mzima ulikatika juu yao, ukashuka kama mkeka unaovutwa sakafuni. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikiondoka kwa upole namna ile. Kilipotulia, Jocelyne alikuwa amekaa pembeni, mzima. Arlène hakuonekana.

Tulitaka kukimbia sote. Mzee alituzuia kwa mkono, macho hayajabanduka pale alipomwona Arlène mara ya mwisho. Alihakikisha hakuna theluji nyingine inayosubiri kushuka, ndipo akatuongoza, kifaa chake kikilia kwa kasi zaidi kila alivyokaribia. Fimbo ndefu aliyokuwa akiichomeka thelujini ikagusa kitu laini. Tukachimba kwa machepe kama wendawazimu. Uso wa Arlène ulipotokea, ukiwa wa buluu, kisha akakohoa, nililia mbele za watu na sioni haya kusema.

Jocelyne hakugombezwa. Mzee alisema kumsindikiza mwenzako si kosa, ila hatukuwa tumewafundisha jinsi ya kumsindikiza mtu kwenye theluji. Tangu siku hiyo, mtu akivuka, walio kwenye mwamba hawabandui macho kwake, na humpazia sauti bila kukoma: nenda, tunakuona! Wanaoogopa kwamba kelele huangusha theluji aliwatuliza kuwa kinachoiangusha ni uzito. Waongozaji wetu wote sasa hufanya hivyo, na hata waoga wanavuka.

Mzee Othmani, asante kwa kila safari uliyotugeuza tukinuna. Tunakuombea afya njema huko Tanga, magoti yapate joto, na ukwaju usikosekane. Ijumaa ukitoka getini, usishangae kwamba hakuna anayekufuata mpaka kwenye gari. Tutakuwa tumesimama wote mlangoni, Arlène na Jocelyne wakiwa wameshikana mikono, na utatusikia mpaka kwenye taa za barabarani.

Nenda, Mzee. Tunakuona.