Wimbo wa Tisa Hatujaufikia

Kijiwe chetu ni benchi lenye mguu mbovu mbele ya duka la kinyozi, na siku hiyo kinyozi mwenyewe alikuwa amefunga. Tunamwita Wembe. Alifunga kwa ajili ya binti yake. Lebo moja ya hip hop ilikuwa imetoa albamu ya pamoja, nyota wao Jemedari na wasanii wenzake, na humo bintiye, anayejiita Kiwembe, kapewa wimbo mmoja, wa tisa. Alipoacha kusuka nywele ili akarap, baba mtu alinuna mwaka mzima. Asubuhi hiyo kampigia simu mwenyewe: "Nitausikiliza na kijiwe kizima, mwanangu." Fundi simu tunayemwita Spika akaleta muziki kwenye simu yake, na spika ndogo ya kuukuza. Karani, mstaafu anayejua kila kitu bila kuulizwa, akaagiza kahawa. Mimi nikasukumiwa upande wa mguu mbovu kama kawaida, maana wananionea. Wimbo wa kwanza ukaanza.

KARANI: Simamisha! Huyu nani?

SPIKA: Jemedari.

KARANI: Si mlisema ya pamoja? Wenzake wako wapi?

SPIKA: Wako nyuma, wanaitikia. Sikia hapo, "eh! eh!"

KARANI: Mtu mzima anaitwa studio aseme eh? Hata mbuzi wangu angepata mkataba.

WEMBE: Jamani, twendeni wa tisa.

KARANI: Haraka haraka haina baraka. Rudisha hapo kwenye eh.

Spika akarudisha. Fundi simu wa mtaa mzima, lakini simu yake yeye ukiirudisha nyuma kidogo inakwenda mwanzo kabisa. Tukaanza upya.

SPIKA: Mimi nawaambia, hawa wa nyuma ndio wanaomwandikia. Jemedari hajui kuandika hata jina lake.

KARANI: Ndiyo maana wahenga wakasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

MIMI: Hiyo inaingiaje hapa, mzee?

KARANI: Inaingia kwa mlango. Kunywa kahawa.

SPIKA: Tena tazameni jalada. Jemedari amejaa kama kabati, wenzake wanachungulia kwapani.

WEMBE: Mwanangu ni yule mwenye kofia.

KARANI: Naona kofia. Mtu simwoni.

WEMBE: Yupo chini ya kofia, bwana! Weka wa tisa!

KARANI: Ngoja kwanza. Nimeshaelewa mchezo wote. Jemedari aliacha muziki zamani, anafuga kuku huko. Hawa vijana wanapokezana kuiga sauti yake. Leo huyu, kesho yule.

SPIKA: Aisee!

KARANI: Albamu ya pamoja maana yake nini? Wote ni Jemedari! Na pumzi ile ya ubeti wa pili ni ya kike.

WEMBE: Unasemaje?

KARANI: Nasema huenda ni bintiyo.

WEMBE: Mwanangu hamwigi mtu! Pumzi yake naijua, nimemlea akiwa na pumu! Rudisha!

SPIKA: Mzee, tumerudisha mpaka spika inalia.

WEMBE: Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo rudisha!

Ikarudishwa. Wembe akatega sikio kwenye spika, akasikiliza pumzi ya Jemedari kama daktari. Karani akasema sikia, Wembe akasema siyo, Spika akasema labda. Ikarudishwa tena. Ndipo binti mwenyewe akatokea, anahema kwa kutembea haraka.

KIWEMBE: Shikamoo baba. Shikamooni wazee.

Tukaitikia kwa kelele, tukampa nafasi. Hakukaa.

KIWEMBE: Nimeshindwa kungoja. Baba, wangu umeuonaje?

Wembe akamtazama Spika. Spika akaitazama simu yake. Nilitamani ule mguu mbovu uvunjike tuanguke wote. Karani, ambaye kunyamaza hakujui, akajitosa.

KARANI: Mwanangu, mdundo wake tu! Umetunyanyua wote kwenye benchi!

KIWEMBE: Wangu hauna mdundo, babu. Nimeghani kwa sauti tupu. Ni habari za baba na duka lake.



KIWEMBE: Sasa muda wote huu mlikuwa mnabishania nini?

Swali dogo hivyo, na sisi watatu wenye majibu ya kila kitu, na Wembe wa nne, tukainamia vikombe vya kahawa. Kiwembe akarekebisha kofia.

KIWEMBE: Haya. Mchana mwema, wazee.

Akaondoka bila kugeuka. Wembe alimfuata kwa macho mpaka akakata kona.

WEMBE: Spika. Weka wa tisa.

SPIKA: Chaji imeisha, mzee.