Beldina Hayumo Bustanini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Beldina, binti wa Mama Sellah wa Ahero. Alifia Riyadh mwaka 2015, akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Tuseme mapema: kaburi lake halijulikani.

Kwa miaka mitatu mamake aliamini linajulikana. Wakala aliyemsafirisha Beldina alimwambia kwa simu, "Mama, Wakristo wote huzikwa Jiddah. Pazuri pale, kama bustani."

Na bustani hiyo ipo. Iko mjini Jiddah, ndani ya ukuta mweupe. Zamani walizikwa humo mabaharia na wahandisi wa kigeni. Miarobaini ikapandwa, ikamwagiliwa kwa mpira mpaka ikatoa kivuli. Yuko nahodha mwenye nanga iliyochongwa kwenye jiwe. Yuko mama na kichanga chake, jiwe moja. Halafu likaja wimbi la vijana wetu, na mawe ya kuchongwa yakaisha. Elijah, dereva wa Kitale, ana msalaba wa bomba la maji uliochomelewa na wenzake.

Norman, jirani wa Mama Sellah, naye alikuwa dereva Jiddah, akiishi mtaa wa Al-Mahjar. Ndiye aliyepiga picha ya bustani, akiwa langoni, akaituma nyumbani. Mama Sellah akaitia fremu, akaitundika juu ya kochi.

"Mnaiona miti ile?" aliwaambia wageni. "Beldina yuko kivulini. Jua halimpati."

Mwaka 2018 Norman alipata likizo. Mama Sellah akampigia.

"Norman mwanangu, niletee udongo wa kaburi lake. Kiganja kimoja tu. Nitauzika hapa kando ya babake, nipate pa kulilia."

Norman akaenda, safari hii akaingia ndani. Akapita safu zote. Mtunza makaburi akafungua daftari.

"Mafi," akasema. Hayumo.

"Angalia tena, rafiki. Beldina."

"Mafi! Halas!" Daftari likafungwa.

Norman akampigia Lorine, Mkenya aliyefanya kazi mlango wa pili na Beldina, mtaa wa Malaz, Riyadh.

"Beldina gani?"

"Wa Ahero. Yule wa kucheka sana."

"Aa, Zeinab! Huku hakuitwa Beldina hata siku moja. Madam alitaka Mwislamu, wakala akamtolea pasipoti ya Zeinab. Alikuwa akiniambia, 'Mimi ni Zeinab jikoni, Beldina bafuni.' Si alikuwa anafungulia maji ndio aimbe nyimbo za kanisa!" Lorine akacheka, kisha akaacha. "Walimzika kama Zeinab, Norman. Hukuhuku Riyadh. Makaburi ya huku hayaandikwi majina. Ni jiwe na jiwe, mpaka macho yachoke."

Norman akachuchumaa kando ya msalaba wa Elijah. Akachota mchanga kiganja kimoja, akaufunga kwenye mfuko wa plastiki. Nani angejua? Akapiga simu Ahero kusema ameupata. Ulimi ukamgomea. Akasema yote.

Mama Sellah akauliza:

"Na huo ulioushika ni wa nani?"

"Wa Elijah, mama."

"Mrudishie. Ana mama yake."

Wasikilizaji wapendwa, Norman alirudi nyumbani mikono mitupu. Kando ya baba yake Beldina hakuna kilichozikwa. Picha bado iko juu ya kochi. Wageni wakiuliza mbona haiondoi, Mama Sellah hujibu, "Nikiiondoa, nitaangalia wapi?"

Mama Sellah, pole. Pole kwa jamaa wote wa Ahero. Hatuna la kuwatuliza, wala hatutajifanya tunalo.

Na wewe mzazi, ambaye binti yako anasafiri wiki ijayo: acha kukunja nguo. Mwambie alete pasipoti, uisome mwenyewe. Jina lililoandikwa humo ndilo litakalozikwa.