Mbuzi Asiye na Doa

Bwana asifiwe. Mmeitika kivivu, lakini na mie sikuja kushangiliwa.

Ndugu zangu, binti yangu ana kifafa. Alikuwa akinywa dawa za hospitali, anasoma, anacheza rede na wenzake uani kwetu Ng'ambo. Akaja mtumishi mmoja, simtaji, akakodi ukumbi mtaani. Akatusomea habari za makuhani wa kale, madhabahu na damu, kisha akaniambia, "Mama, mtoto huyu hajatolewa kafara. Lete mbuzi mweupe asiye na doa. Na dawa aache, zinaonyesha humwamini Mungu."

Nikapeleka mbuzi. Akamgeuzageuza, akaona alama nyeusi sikioni. Hafai. Lakini kumrudisha, hakumrudisha! Nikapeleka wa pili, huyo kwato ina ufa. Mnacheka? Chekeni, mie nililia.

Siku moja nachuja tui, mwanangu akaanguka juu ya jiko la makaa. Mkono wa kulia. Nikamkimbilia mtumishi. Akasema doa sasa liko kwangu, imani yangu ndogo.

Iddi Kubwa ikafika. Jirani yangu, Mwislamu, akaniletea nyama. Nikamhadithia habari za mbuzi wangu huku nalia. Akaniuliza, "Mwenzangu, sie tukichinja, jirani hula. Wako wameliwa na nani?"

Hata mchuzi wa mbuzi wale sikuunusa.

Jirani huyo ndiye aliyeturudisha hospitali. Na mzee wetu wa kanisa, yule pale, akanikalisha akanieleza polepole: wanyama wale wa kale walikuwa kivuli cha Mmoja atakayekuja. Akaja, akajitoa mwenyewe, mara moja tu, kukomesha kuchinja. Nikamwuliza kwa hasira, "Mbona hukuniambia kabla mwanangu hajaungua?" Akainamisha kichwa. Maneno matamu yale, na yalinichoma.

Nawashukuru wote wawili. Mtumishi yule bado sijamsamehe, na sitawadanganya hapa mbele ya msalaba. Niombeeni.

Nnalowaambia ni hili: akikujieni mtu kudai damu, mwambieni ilishamwagika. Ya mwanangu haikutakiwa.

Sasa anakunywa dawa zake, haanguki. Ila vidole havikunjuki tena. Mkitoka atakuwa pale mlangoni, atawapa mkono wa kushoto. Msimwone hana adabu. Upokeeni.