Siku Nilipokataa Kupeleka Ugali Kwenye Sengu

Bwana asifiwe, ninyi mliopata viti na ninyi mnaoegemea madirishani! Asifiwe tena! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama hamjanisalimu.

Mimi ni Mama Skola. Nimezaliwa Lipingo, ziwani, nikaolewa huku milimani kwa Wamatengo, na miaka yote hii bado wapo wanaoniita mla usipa, vile visamaki vya kwetu ziwani. Sikasiriki. Wanaonitania ndio hao hao wa kwanza kuuliza nimebeba nini nikirudi kutoka kwa mama yangu. Leo nimesimama kushuhudia. Mmewasikia wenzangu walioponywa vifua, mmewasikia walioacha pombe. Mimi Bwana aliniponya ugonjwa wa kunyamaza, na nitawaeleza ulivyonishika na ulivyonitoka.

Ndugu zangu, nyakati zile mnazikumbuka. Soko huria ndiyo limeingia. Chama cha ushirika kimelegea, kahawa ananunua kila mwenye mzani na turubai. Kila kitu ruksa! Ruksa mitumba, ruksa maduka, ruksa kila mtu ajitafutie. Nasi tulifurahi, nisiwadanganye. Zahanati ya kijiji chetu ilikuwa na mganga mmoja tu, na huyo mganga alikuwa baba mdogo wa mume wangu, tumbo moja na baba mkwe. Jina lake silitaji. Alikuwa mtu wa heshima, na wako watu wanaotembea leo kwa sababu aliwatibu vizuri. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli.

Lakini ruksa ilipofika, naye akajitafutia. Akafungua duka la dawa pale sokoni. Msimu wa kahawa ukianza, anakaa kwenye mzani wa mnunuzi mmoja wa kutoka mjini kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Zahanati akamwachia mhudumu, mtu mzima, mpole, aliyeajiriwa kufagia, kuchota maji na kuchemsha sindano. Polepole mchemshaji wa sindano akawa mchomaji wa sindano. Kijiji kizima tuliona! Tena tulimwamkia kwa heshima na kumwita daktari.

Skola wangu wakati huo alikuwa anang'oka meno ya mbele. Nilikwenda naye Lipingo kumsalimia bibi yake, tuliporudi akapandwa na homa. Homa ile ya ziwani mnaijua, haibishi hodi. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Nikamwambia mhudumu, niitie mganga. Akajibu, "Yuko kwenye mzani, Mama Skola. Usiwe na wasiwasi, nimeshachoma wengi." Akamchoma kwinini kwenye tako. Mtoto alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto, akaushika mguu wake wote kama umeungua.

Homa ilishuka, ndiyo. Lakini alipoamka kitandani, mguu wa kulia haukumsikiliza. Unyayo umelegea, vidole vinaburura chini, kila hatua anajikwaa. Nilimpeleka kwa baba mdogo pale pale kwenye mzani. Akamwangalia huku anaandika uzito wa gunia la mtu. Akasema, "Atazoea. Watoto wenye damu ya ziwani wanadeka." Watu wakacheka. Nikaondoka na mwanangu.

Nyumbani ndiyo ikawa balaa. Wifi zangu wakasema mtoto amerogewa huko Lipingo, kwa hiyo mwenye kosa ni mimi niliyempeleka. Mama mkwe akataka tumtafutie mtu wa kumchanja chale. Nikakataa. Baba Skola, mume wangu, akampakia mtoto kwenye baiskeli, mimi nikafuata kwa miguu, tukaenda mpaka hospitali ya misheni. Sista aliyetupokea akamgonga-gonga goti, akamkuna wayo, kisha akatuambia waziwazi kwamba sindano ilichomwa pasipostahili, ikagusa mshipa wa fahamu. Akanifundisha kumnyoosha mguu kila siku kwa maji ya uvuguvugu. Akasema utarudi kiasi, lakini wote hautarudi. Halafu akatuambia neno lililonikaa kifuani kama mfupa wa samaki: "Nendeni mkamwambie aliyemchoma asichome mtu tena."

Tumwambie! Nani amwambie? Ndugu zangu, nani?

Mume wangu ni mtoto wa ukoo ule. Shamba letu la kahawa ni sehemu ya ardhi ya babu yake. Baba mdogo ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Na zahanati ni hiyo hiyo moja. Ukigombana na mganga, ukiumwa kesho utakwenda wapi? Nilikwenda kwenye jumuiya yetu, nikaeleza shida yangu. Mwenyekiti akaniambia, "Mama Skola, samehe, nyamaza, mwachie Mungu." Watu wakaitikia amina. Nikaenda nyumbani nikapiga magoti, nikamwomba Mungu anipe moyo wa kunyamaza. Niliomba kwa machozi! Nilifunga! Kila nikinyoosha kile kimguu kwenye beseni, naomba.

Mungu hakunipa! Asifiwe! Nasema hakunipa! Kila nilipoomba kunyamaza, hasira ilizidi kuwaka, nikadhani shetani ameniingia. Kumbe wako watu wanaomwomba Mungu awasaidie kuendelea kuogopa, na Mungu anakataa.

Basi, siku ya gulio, napita mbele ya zahanati na debe la maharage kichwani. Nikamwona mama mmoja, mgeni, wa kutoka ng'ambo ya mto. Ameketi kwenye kizingiti, mtoto amelazwa kifudifudi mapajani, kaptula imeshushwa. Mhudumu anatoka ndani na sindano imeinuliwa. Ndugu zangu, sikufikiri. Sikuomba. Kinywa kilifunguka chenyewe.

"Usimchome! Usimchome, wewe si mganga!"

Debe likaanguka, maharage yakatapakaa njiani. Yule mhudumu akaishusha sindano. Mimi mwenyewe niliogopa sauti yangu. Nikamwambia yule mama, mganga yuko sokoni kwenye mzani, mpeleke mwanao pale, usiondoke mpaka ainuke. Na yule mama, Mungu ambariki, alikuwa jasiri kuliko mimi! Alikwenda akasimama na mtoto wake kati ya mzani na magunia, wauza kahawa wanapiga kelele, yeye hasogei. Baba mdogo akainuka. Akaenda zahanati akamtibu yule mtoto kwa mikono yake mwenyewe, na alimtibu vizuri, kwa kuwa alijua kazi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kumbe alijua!

Kesho yake ukoo ukaitisha sengu juu yangu.

Wageni wetu, sengu ni baraza la ukoo wa Wamatengo. Wanaume wanakaa nyumbani kwa babu, kila mke anapeleka chakula cha nyumba yake, wanakula pamoja na kuzungumza mpaka neno liishe. Ni kitu kizuri, sikidharau, kimelea yatima wengi. Na katika ukoo wa mume wangu kuna jambo moja: mkosaji analeta nyama, na nyumba iliyokosewa inaleta ugali. Ugali huo ukishaliwa na ile nyama, neno limekufa. Halitoki nje ya uwanja ule tena. Si kwa diwani, si kwa padri, si kwa serikali.

Baba mdogo alitoa beberu. Aa, beberu mnono! Nikasikia harufu ya mchuzi tangu kisimani. Mama mkwe akaja jikoni kwangu, akakaa karibu na mafiga, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, amekubali kosa, ndiyo maana amechinja. Pika ugali, tuishe." Nilimpenda mama yule. Alinipokea nilipokuja sijui hata kushika jembe la kuchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia huku milimani. Nikamuuliza, "Mama, mhudumu ataacha kuchoma?" Akasukuma kuni motoni. Nikamuuliza, "Wamesema ataacha?" Akasema, "Hayo watazungumza baadaye." Basi nikachukua maji, nikauzima moto wangu.

Kosa lao wazee wale lilikuwa moja. Walimhesabu mla usipa kuwa hajui mila, atapika tu kama alivyoambiwa. Wakaipakua nyama kabla ugali haujafika, kosa likawa limekubaliwa mbele ya wote na neno bado halijafa! Nyama iko kwenye sinia, wake wengine wameleta mboga na maharage, wote wanatazama njia ya kwangu. Nikatokea. Sina sahani. Nimemshika Skola mkono.

Nikapiga magoti, nikawaamkia wote. Mila sikuvunja. Kisha nikamwambia mwanangu, "Tembea, mama, babu zako wakuone." Skola akaukata uwanja ule kutoka mlangoni hadi kwenye mibuni, anaburura mguu, vumbi linainuka nyuma ya vidole vyake, akageuka akarudi. Hakulia.

Babu mkubwa, mwenye nyumba, akauliza, "Ugali uko wapi?"

Nikasema, "Babu, jiko langu leo halikuwaka. Na halitawaka kwa neno hili mpaka mtu asiyesomea sindano aache kushika sindano. Mkiniahidi mbele ya mwanangu, nakwenda kupika sasa hivi."

Akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akasema, "Mwanamke wa kuja anataka kunifukuzisha kazi." Wengine wakaguna kwamba navunja ukoo, na mmoja akasema nirudi ziwani kwetu. Nyama inapoa, mafuta yanaganda. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wowote, maana kama angenipigia kelele nisingekuwa na pa kwenda. Baba Skola alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, kichwa chini. Kisha akainuka. Si msemaji, mnamjua. Akasema, "Kesho tunakwenda Mbinga kwa mganga mkuu wa wilaya." Akamwinua Skola begani, tukatoka. Haleluya!

Tulikwenda. Tulikalishwa kwenye benchi siku nzima. Karani mmoja akatuuliza kama tumegombana mashamba, maana mambo ya ukoo hayapokelewi pale. Nikamwambia, baba, mimi sikuja na ukoo, nimekuja na mguu. Mwisho tukaingia. Nilisema yote, na sauti haikutetemeka, na hiyo si tabia yangu, ni Bwana! Mganga mkuu alimwita Skola, akamgonga goti kama sista alivyofanya, akanisikiliza mpaka mwisho. Kabla msimu wa kahawa haujaisha, akaletwa nesi aliyesomea. Mhudumu akarudi kwenye ufagio wake, na aliniambia mwenyewe kwamba usingizi umemrudia. Baba mdogo akahamishwa.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa sherehe. Tulipoita watu wa kutusaidia kuchimba ngoro, pombe ikachacha mtungini, hakuja mtu. Tulichimba wawili. Kisimani wanawake wakiniona wanabeba ndoo zao nusu. Mwenyekiti wa jumuiya akahubiri juu ya ulimi. Nami nilikaa mbele kabisa, nikaimba kwa sauti kuliko wote! Niombe msamaha kwa lipi? Kwa kusema kwamba mtoto ana mguu?

Mguu wa Skola haukupona wote. Nawaambia ukweli mkavu, maana wako wanaotaka kila ushuhuda uishe kwa kurusha magongo. Anachechemea. Lakini anapanda milima hii kwenda shule, na hapo njiani anawapita wenzake wenye miguu mizima wanaopenda kucheza. Watoto waliozaliwa baada yake pale kijijini wanakimbia wote, na nikiwaona wanakimbia namshukuru Mungu kwa sauti, watu wakasema Mama Skola ameanza tena.

Ndugu zangu, mwaminini Bwana! Wewe uliyeketi hapa na jambo kifuani, unayeambiwa kila siku umwachie Mungu, mwachie kweli, uone kama hatakutuma wewe. Ukimpeleka mwanao zahanati, uliza jina la anayemshika. Uliza kwa adabu, salimia kwanza, lakini uliza. Wakikuita mkorofi, itika.

Nataka kumaliza, lakini kuna mtu. Baba mdogo, nimekuona tangu asubuhi, umekaa pale karibu na nguzo. Umerudi kijijini, umestaafu, karibu nyumbani. Shikamoo, baba. Nimekusamehe mbele ya watu hawa wote, na leo jioni nitapika ugali, uje ule kwangu, Skola atakunawisha mikono. Nami mbele ya watu hawa hawa nakuambia: ningekushtaki tena.

Bwana asifiwe!