Mwaka wa Boti ya Pili

Benchi letu liko nje ya lango la bandari, na limeipa bahari mgongo. Si kwa dharau. Asubuhi jua likipiga maji macho yanauma, kwa hiyo sisi tunatazama ubao wa matangazo wa kampuni ya marubani, wale wanaopanda meli ikiwa bado nje na kumwelekeza nahodha mgeni asije akakwama kwenye mafungu ya mchanga. Mimi ni fundi viatu. Sanduku langu ndilo mguu wa tano wa benchi. Siku hiyo, saa nne na robo, kampuni ilibandika ripoti yake ya mwaka, na kila mtu akawa mtaalamu. Ila Kasia. Yeye ndiye dereva wa boti ya pili inayowapeleka marubani melini. Alikuwa zamuni, na kama kawaida alikuja na redio yake ya mkononi akaisimamisha katikati ya vikombe, ikawa inakwaruza kwaruza. Lakini leo hakumtania mtu. Wino, karani wa kutoa mizigo, akasogea ubaoni akakohoa kama anataka kuhutubia.

Wino: Jamani, punguzeni hicho kidude, watu wasikie habari za meli!

Nikapunguza. Kitufe kilikuwa jirani na mkono wangu.

Wino: "Mwaka huu tumeongoza meli mia nne tisini na saba. Mwaka jana zilikuwa mia sita na kumi na mbili."

Dira: Eeh! Zimeenda wapi hizo nyingine?

Dira ni kinyozi. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila anachokielekezea kidole huwa kiko upande wa pili.

Wino: Niache nisome, usinidakie. "Hali ya usafiri wa meli haitabiriki. Zinazotarajiwa Alhamisi zinafika Jumatatu, nyingine hazifiki kabisa. Pamoja na hayo, mwaka ulikuwa mzuri."

Dira: Mzuri kwa nani? Mimi nikipungukiwa vichwa mia, nitasema mwaka ulikuwa mzuri?

Winchi: We kinyozi, kichwa ni kichwa. Meli zimenenepa, bwana. Siku hizi moja inabeba mzigo wa tatu.

Winchi aliendesha kreni miaka thelathini, na mpaka leo akiongea hunyanyua mkono taratibu kama kuna kontena chini yake.

Dira: Si unene. Meli zinazunguka njia ndefu kwa sababu manahodha wanalipwa kwa siku. We ungekuwa nahodha ungekata kona?

Winchi: Hapana. Tatizo ni hawa marubani wenyewe. Meli ina nahodha wake, unampandishia mwingine wa nini? Wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Meli zimesikia methali zikakimbia.

Mama Birika, mwenye kahawa: Meli zina masikio?

Winchi: Zina honi, Mama. Mwenye mdomo hakosi sikio.

Tukacheka. Kasia hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake bila kunywa.

Mama Birika: Kasia mwanangu, kahawa yangu leo ina nini?

Kasia: Kahawa haina neno, Mama. Mwambie Wino asome mstari wa mwisho.

Wino: "Bodi itakaa leo saa sita kuamua kama boti ya pili iegeshwe."

Wote tunajua nyumbani kwa Kasia kuna mapacha wa miezi mitatu. Boti ikiegeshwa, na dereva wake anaegeshwa. Nilimhurumia sana, nikajifanya natafuta sindano.

Dira: Hawaegeshi! Sikiliza, Kasia, mimi nina siri. Hizo meli hazijapungua. Zimejificha nyuma ya kisiwa, zinasubiri hali itulie. Siku zikitoka zote kwa mpigo, boti kumi hazitoshi.

Winchi: Meli mia moja nyuma ya kisiwa kile? Hata mbuzi wawili hawajifichi pale!

Dira: Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Winchi: Hiyo inahusu nini?

Dira: Inahusu maji, si ndiyo?

Winchi: Basi siri yangu ni kubwa kuliko yako. Hata hizo mia nne si nyingi hivyo. Ile nyekundu ya juzi na ile ya buluu ya jana ni meli moja! Nimeijua kwa kutu. Kampuni inaitoa nje, inaipaka rangi, inairudisha.

Wino: Nyie, kuna mstari hapa kati nimeuruka. "Meli zilizosubiri rubani zaidi ya nusu saa tangu kuita: sifuri."

Kasia akanyanyua kichwa.

Kasia: Huo ndio mwaka wetu. Meli inakuja bila taarifa, na bado haisubiri. Hiyo sifuri nimeipigania na mawimbi. Kama bodi ina macho, itaiona.

Dira: Kawia ufike, mdogo wangu. Kunywa kahawa.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, kavaa jaketi la rangi ya chungwa la kuelea majini, anahema.

Dira: Karibu, dada, kaa. Umepotea?

Mwanamke: Natafuta boti ya rubani.

Dira: Ah, umefika kwa wenyewe. Rubani, dada yangu, ni mtu mzima, ana ndevu, anapanda meli...

Mwanamke: Rubani ni mimi. Nimeanza leo. Boti ya kwanza iko upande wa pili na meli ya mafuta. Ya pili imefungwa gatini haina mtu. Kituo kinaiita tangu saa nne na nusu. Ile pale nje inamsubiri nani?

Tukageuka wote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Meli kubwa nyeusi ilikuwa imesimama mlangoni mwa bandari na bendera ya milia ya njano na buluu, ambayo maana yake nataka rubani. Haikuwa imejificha nyuma ya kitu chochote.

Rubani akaiokota redio kati ya vikombe, akakitazama kitufe.

Rubani: Nani kaipunguza hii?

Benchi zima likasoma ripoti.

Kasia: Saa ngapi?

Wino: Nne na dakika arobaini na nne!

Kasia: Mpaka kule ni dakika kumi na mbili. Twende!

Kikombe kikaanguka, redio ikabaki, na wao wakakimbia mpaka gatini. Tulilinyanyua benchi tukaligeuza kuelekea maji, jua na liume. Winchi aliinua mkono taratibu, kana kwamba anaibeba ile boti mwenyewe. Mama Birika alishika kifua. Mimi niliongeza sauti ya redio mpaka mwisho, nikawa naomba kimoyomoyo kuliko nilivyowahi kuomba kwa ajili ya mtu asiye ndugu yangu.

Wino: Hamsini na nne... hamsini na sita... hamsini na saba...

Bendera ya milia ikashuka. Ikapanda nyingine, nusu nyeupe, nusu nyekundu.

Redio: Kituo, hapa boti ya pili. Rubani yuko melini. Saa nne na dakika hamsini na nane.

Redio: Nimepokea, boti ya pili. Wajumbe wa bodi wamefika mapema, wako nami dirishani. Wanasema kikao kimeisha kabla hakijaanza. Boti haiegeshwi.

Dira akamkumbatia Winchi. Wino akaandika dakika ile pembeni ya ripoti kwa kalamu, na Mama Birika akafuta macho kwa kitambaa cha birika. Tulikuwa bado tunapigana mabega redio ilipokwaruza tena, safari hii kwa sauti ya yule dada.

Redio: Kijiweni, hapa rubani. Sijajibiwa swali langu.

Dira akanitazama. Winchi akanitazama. Nikainua kikombe changu nikanywa muda mrefu sana, na kilikuwa kitupu.