Mama Seline Aluoch, Aliyetufundisha Kukaa Kabla ya Kutia Saini

Mambo ya nchi za nje hapa Eldoret yalianzia kwangu, mimi Wabuge mchomelea mageti, na mtaa mzima wa Huruma unajua hivyo. Nikikohoa hapa, kule Umoja wa Mataifa mtu anauliza ni nani huyo. Ndiyo maana kamati imenipa mimi kazi ya kuandika kwamba Mama Seline Aluoch anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kutumikia Muungano wetu wa Majirani kwa miaka kumi na saba. Ndiye mratibu wetu wa kwanza, na hadi leo hatujapata mwingine.

Mama Seline alitoka Siaya akiwa msichana, akawa karani katika duka la mbegu hapa mjini. Ghasia za uchaguzi zilipotutoa manyumbani mwaka wa 2008, alilala kwenye hema kama sisi. Muungano ulizaliwa huko kwenye hema. Yeye alizunguka na birika la chai, akikalisha pamoja watu ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakikimbizana. Tuliporudi Huruma akakodi chumba juu ya mashine ya posho, ya kusaga unga, na ofisi iko papo hapo mpaka sasa. Ukihudhuria mkutano na suti nyeusi, unatoka na suti ya kijivu.

Mwishoni mwa 2023 alipoleta habari za Israeli na Palestina kwenye mkutano, wengi walishangaa. Walimwambia, Mama, mtaro wa Huruma tu umetushinda, Gaza ndiyo tutaiweza? Akajibu kwamba yeye amelala kwenye hema na anajua baridi yake. Tena Kenya ikipiga kura huko nje inapiga kwa jina lake pia, kwa hivyo lazima imsikie.

Mkutano wa kwanza nusura uwe wa mwisho. Pasta Bethwel, ambaye kanisani kwake kuna bendera ya Israeli kando ya mimbari, alisema anayenyoshea taifa la Biblia kidole anajitafutia laana. Mzee Juma Kituyi wa msikitini akamwambia Pasta aendelee kuisoma hiyo Biblia mpaka afike mahali inapotaja watoto. Viti vikaanza kusogezwa. Mimi nilisimama katikati, na kifua changu mnakijua, lakini siku hiyo hata kifua hakikufaa.

Mama Seline alingoja mashine ya posho inyamaze. Kisha akasema kwamba kwao, na kwetu Wabukusu pia, mtu akifika matangani haanzi kuuliza marehemu alikosana na nani. Anakaa kwanza, anapewa chai, maneno yanafuata baadaye. Akaweka sheria papo hapo: hakuna atakayetia saini ombi letu kwa serikali kabla hajaenda kukaa nyumbani kwa mtu ambaye yeye mwenyewe amemfungia moyo. Kila mmoja wenu, akasema, anamjua wake.

Mzee Kituyi akaenda kwa Mama Virginia, mshirika wa kanisa la Pasta, ambaye kijana wake Tyson alikuwa ameenda kufanya kazi ya shamba Israeli na simu yake haikuwa ikishika. Mzee alikaa mchana mzima bila kutaja siasa. Ijumaa akamwombea Tyson kwenye dua, mpaka vijana wakaulizana huyu Tyson anaswali msikiti gani. Simu iliposhika hatimaye, Mama Virginia alimwambia Mzee kabla ya kumwambia Pasta.

Pasta naye alienda kwa Mzee. Alivua viatu mlangoni, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Akasikilizishwa sauti ya daktari Mpalestina aliyewahi kumtibu Mzee, akieleza kwenye simu jinsi anavyomtafuta dada yake chini ya vifusi. Pasta alirudi kanisani kwake. Bendera hakuitoa, tusidanganyane, lakini sasa anaombea pande zote mbili, na kuna washirika waliomhama kwa sababu hiyo.

Ombi lenyewe ni fupi. Kenya iseme wazi kila inapopewa nafasi: vita vikome, mateka warudi kwao, chakula kiingie, na kila upande uishi kwenye nchi yake bila hofu. Walitia saini makanisa, msikiti, mama mboga, wakulima wa Sugoi, hata mawakili wa kule kwa matajiri, Elgon View. Aliyelibeba mpaka Nairobi ni mimi, na ofisa mmoja alinipokea kwa mikono miwili akidhani mimi ni balozi.

Mheshimiwa mmoja aliuliza swali bungeni. Jibu lilikuwa refu, halikushika popote. Msimamo wa nchi haujageuka. Mama hasikitiki. Husema geti lenye kutu halifunguliwi kwa teke, linatiwa grisi kila siku. Mfano huo aliupata kwangu. Na hata sasa tunapoambiwa bunduki zimepunguza sauti, yeye anasema matanga bado hayajaisha.

Mama Seline, asante kwa chai, na kwa subira uliyotuvumilia nayo. Rudi Siaya ukapumzike, mahindi yakuitikie, na goti lisikusumbue. Kamati imekununulia blanketi na thamosi. Mimi uliniita ukasema hutaki kitu kutoka kwangu ila saini.

Ni kweli, wasomaji. Ombi nililolipeleka Nairobi halina jina langu. Mtu wangu wa kwenda kukaa kwake ni Macharia, fundi wa viti, ukuta kwa ukuta na banda langu. Tangu siku zile za moto wa 2008, kila mmoja wetu anaamini mwenzake alijua unakuja akanyamaza. Majuzi nilinunua kilo mbili za sukari, nikavaa koti, nikaenda. Nilimsikia ndani akikohoa. Nikageuka.

Sukari nilirudi nayo nyumbani, Mama, na tumeshaanza kuinywa.